Picha 40 zilizoharibika ndizo zilizochagua kamera

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, amepiga picha za milima na maporomoko ya maji kwa simu kama miaka mitatu sasa, na jicho analo kweli, sisemi hivyo kwa sababu ni wa kwetu. Mwaka huu akawa amekusanya hela yake mwenyewe ya kununua kamera ya maana, usiku mmoja akanitumia ujumbe: "Shikamoo mjomba, nimeamua nachukua Nikon Z7, naomba baraka zako tu." Yani ushauri hakutaka, alitaka baraka. Nikamwitikia marahaba mwanangu, ila baraka zisubiri wiki moja, kuna kazi ndogo nataka uifanye kwanza.

Nakieleza kisa chote kwa sababu swali lake ndo lile lile ninaloulizwa kila mara, "nianze na kamera gani kwa picha za asili", na mara nyingi watu wanajibiwa kwa jina la kamera. Jina bila kujua huyo mtu anapiga nini na anakwama wapi ni sawa na kumpa mtu dawa kabla hajasema anaumwa wapi.

Kwanza niwe mkweli, Z7 sio kamera mbaya hata kidogo, ilitoka 2018, ina megapikseli 45.7, inashuka mpaka ISO 64 (ISO ni kipimo cha kamera inavyokuza mwanga, ikiwa ndogo picha inakuwa safi), mtu wa mandhari akiishika ataipenda. Tatizo lilikuwa kwenye hesabu. Tuliigawa hela yake mafungu kumi, bodi peke yake, yani kamera bila lenzi, ikala tisa. Fungu moja lililobaki ndo linunue lenzi, tripodi (stendi ya miguu mitatu), kadi (na Z7 inatumia XQD, sio SD za kawaida ambazo alikuwa nazo tayari), betri ya pili na mfuko. Haiwezekani. Angeishia kupachika lenzi ya kuokoteza mbele ya sensa (kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) ya bei mbaya na kuishika mkononi gizani.

Kazi niliyompa ilikuwa hii: pitia simu yako yote, nichagulie picha 40 ambazo zinakuuma. Nilimfafanulia kwamba zile mbaya za kufutwa sitaki, nataka zile ambazo ulisimama, ukaona kitu kizuri kabisa, ukapiga, ukafika nyumbani ukaangalia moyo ukazama. Kila moja uniandikie kwa mstari mmoja ilikuwa saa ngapi na ulitaka ionekaneje.

Ilimchukua siku nne. Tulikaa naye tukazifungua kwenye kompyuta moja moja, tunavuta picha mpaka tunaona punje za rangi, tunaandika pembeni kilichoiharibu. Kuna moja siwezi kuisahau, poromoko la maji alfajiri, mwanga wa buluu, mawe yamefunikwa na kuvumwani, vile vimea vidogo vya kijani vinavyoota kwenye mawe, mpangilio safi kabisa, kwa udogo wa skrini ya simu ungesema imekamilika. Tukaivuta, kuvumwani yote imegeuka uji. Hakuna jani, hakuna nyuzi, kuna madoa ya kijani yaliyopakwa kama kwa brashi iliyolowa. Simu ilikosa mwanga ikapandisha ISO, ikatoa chenga nyingi, halafu programu yake ikazifuta zile chenga pamoja na kila kitu kidogo kilichokuwepo. Akakaa kimya, afu akasema "kumbe haikuwepo kabisa, mjomba, nilikuwa nadhani ipo."

Hesabu ya mwisho ikatoka hivi. Picha 17 ziliharibiwa na mwanga hafifu na kutikisika, alfajiri au jioni au chini ya miti minene. 11 ziliharibiwa na zumu ya simu, ile ya kukata picha na kuikuza. 7 anga imeungua nyeupe au bonde limekuwa jeusi tii. 5 zilizobaki shida ilikuwa pa kusimama tu, hiyo kamera haikutibu.

Sasa tuzichukue zile 17, kwa sababu hapo ndo penye kiini cha jambo lote. Lile poromoko la alfajiri, kwa apecha (tundu la lenzi) ya f/8 na ISO 100, mwanga wa namna ile unataka shata, yani pazia la kamera, ikae wazi kama nusu sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaotulia nusu sekunde kwa uhakika, kwa hiyo ukishika mkononi unapandisha shata mpaka tuseme 1/125. Hesabu hatua: kutoka nusu sekunde kwenda robo, moja ya nane, moja ya 15, ya 30, ya 60, ya 125, ni hatua sita, kila hatua mwanga unakatika nusu. Ili urudishe huo mwanga lazima ISO ipande hatua sita pia, 200, 400, 800, 1600, 3200, 6400. Basi picha yako ya poromoko inapigwa kwa ISO 6400 wakati ingeweza kupigwa kwa 100.

Na kuhama kutoka sensa ndogo ya APS-C kwenda sensa kubwa ya fulufremu, kama ya Z7, kunakupa hatua ngapi? Fulufremu ni milimita 36 kwa 24, APS-C ya Nikon au Fujifilm ni kama 23.5 kwa 15.6, eneo linazidi mara mbili na kidogo, kwa hiyo faida ni hatua moja na ushee. Tripodi hatua sita, sensa kubwa hatua moja. Yeye alikuwa anataka kulipa mafungu tisa anunue hatua moja wakati hatua sita zinapatikana kwenye miguu mitatu ya aluminiamu. Nilipomwandikia hizo namba kwenye karatasi akazikodolea macho muda mrefu sana, nadhani ndo hapo Z7 ilipoanza kutoka moyoni.

Utaniambia za kisasa zina kitulizaji cha sensa ndani ya bodi, ni kweli na kinasaidia sana, ila kinatuliza mkono wako, hakitulizi majani yanayopepea, na ukitaka maji yawe kama hariri kwa sekunde mbili tatu bado utarudi kwenye stendi. Afu kuna jambo jingine ambalo halina namba: ukiwa na tripodi unapunguza mwendo, unaipanga picha, unaona lile tawi linaloingilia pembeni. Mpwa wangu ana haraka kidogo, hilo nililifikiria pia.

Megapikseli nazo tuzimalize haraka. 24 zinakupa pikseli 6000 kwa 4000, ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi unapata karibu sentimita 50 kwa 33, hiyo ni kubwa kuliko A3. Yeye anataka kuchapisha A3 atundike ukutani. Na kutoka 24 kwenda 45 unaweza kudhani picha imekuwa kubwa mara mbili, kumbe upana umeongezeka kutoka 6000 kwenda 8256 tu, asilimia 38 hivi, huku faili moja la RAW (picha ghafi kabla kamera haijaibana) likiweza kupita MB 50 na kompyuta yake ya zamani ingekuwa inahema kila akifungua folda.

Zile picha 11 za zumu zilinirekebisha mimi. Mimi nilikuwa na jibu langu mfukoni kabla hata hajaniuliza, kwamba mandhari ni lenzi pana, anunue Tokina 11-16 basi (hizo ni milimita za lenzi, namba ndogo inaona pana, kubwa inavuta mbali). Wengi tunafikiri hivyo, mlima mkubwa uingie wote. Lakini ukiangalia anachokitafuta huyu binti, sio mlima wote. Anatafuta mti mmoja kwenye bega la kilima, tabaka za vilima zinavyofifia moja nyuma ya nyingine, mwale mmoja wa jua ulioangukia kipande cha bonde. Hizo ni picha za lenzi ya kati mpaka ndefu. Lenzi pana inasukuma vilima mbali vinakuwa vidogo, lenzi ndefu inavivuta vinabanana, na huko kubanana ndo anakokupenda yeye. Katika 40 nzima, zilizolilia upana zilikuwa mbili. Ningemnunulisha lenzi ya picha zangu mimi.

Hapo tukawa na orodha ya mahitaji iliyotoka kwenye picha zake, sio kwenye matangazo: tripodi imara kwanza, lenzi moja inayoanza pana kiasi na kufika mbali, bodi ya megapikseli 24 au jirani na hapo inayotoa RAW nzuri, ivumilie manyunyu, na betri ikae kwa sababu anapanda milima siku mbili bila umeme.

Zilizoingia kwenye mizani, zote za mkono wa pili, zilikuwa nne. Olympus E-M5 Mark II, ndogo, imezibwa vizuri dhidi ya maji, ina kitulizaji kizuri sana, ila megapikseli 16 na sensa ya milimita 17.3 kwa 13, kwa alfajiri zake na A3 yake nikaona inabana. Nikon D750 ya 2014, fulufremu, skrini inainuka, betri haishi, kamera ninayoiheshimu sana, lakini kufika mbali kule anakotaka angehitaji lenzi mbili nzito na fungu la tripodi lingeliwa. Zikabaki mbili zilizotusumbua kweli, Fujifilm X-T2 na Nikon D7200.

X-T2 ilimvutia zaidi na namuelewa. Gramu 507 ikiwa na betri na kadi, D7200 gramu 765. Kwenye kitafutio, kile kidirisha cha kuchungulia, unaona mwanga wa picha utakavyotoka kabla hujapiga. Skrini inainuka hata ukiwa umesimamisha kamera wima, kwa mtu wa tripodi ni raha isiyo kifani. Tukakwama kwenye betri, kipimo cha kiwanda ni karibu picha 340 kwa X-T2 na 1,110 kwa D7200, na yeye kule juu hana pa kuchaji, angebeba betri nne ule wepesi ukapungua. Na lenzi ya kufika mbali upande wa Fuji ilikuwa inakula hela ambayo haipo. D7200 ina sensa ya 24, imezibwa, ina nafasi mbili za kadi za SD ambazo tayari anazo, na lenzi ya 18-140 ya Nikon inapatikana kirahisi, kwa udogo wa sensa yake (kropu ya 1.5) inaangalia kama 27 mpaka 210 kwenye fulufremu. Kasoro yake kubwa nikamwambia wazi, skrini imeganda, haiinuki, ukitaka picha ya chini kabisa utapiga magoti. Akasema magoti anayo.

Mafungu kumi yakagawanyika hivi: manne bodi, mawili lenzi, mawili tripodi na kichwa chake, moja filta ya kupunguza mng'ao, betri ya pili na mfuko, na moja akabaki nalo kwa ajili ya nauli ya kwenda kupiga hizo picha. Hilo la mwisho watu hulisahau kabisa, kamera inanunuliwa halafu inakaa kabatini kwa sababu hakuna hela ya kufika mlimani.

Kununua kwenyewe kulikuwa na msukosuko. Seti ya kwanza tuliyoenda kuiona, bodi na lenzi, nje inang'aa kama mpya. Nikaomba tochi. Ukifungua apecha yote ukamulika lenzi kutoka nyuma huku unaangalia mbele kwa mshazari, uchafu wote unajionyesha, na hii ilikuwa na nyuzi nyembamba zinazojitawanya kwenye kioo cha ndani kama utando wa buibui. Muuzaji akasema ni vumbi tu. Vumbi halina matawi, huo ni ukungu, unakula ile rangi ya kinga kwenye kioo na ukiuhifadhi pamoja na lenzi nyingine kwenye unyevu unaweza kuota na huko. Tukashukuru tukaondoka. Binti alinuna njia nzima, maana alishaishika, alishaipenda, na mimi roho iliniuma ila afadhali kununa siku moja.

Ya pili ndo tuliyoichukua. Tukapiga anga tupu kwa f/16 kuona madoa ya vumbi kwenye sensa, yalikuwepo matatu madogo, yanasafishika. Tukafunika lenzi tukapiga sekunde 30 kuona kama kuna nukta zinazowaka, chache za kawaida. Shata ilikuwa imepiga kama 31,000 na imejaribiwa kiwandani mpaka 150,000. Tukazungusha lenzi na kusikiliza, tukakagua mpira wa kushikia kama umeanza kunata, tukabonyeza kila kitufe kimoja kimoja. Nusu saa nzima, muuzaji yule alikuwa mvumilivu na namshukuru.

Tripodi niling'ang'ania tuijaribu na kamera ikiwa juu yake. Unaweka kamera, unawasha picha kwenye skrini, unakuza kabisa kwenye kitu cha mbali, halafu unaugonga mguu wa stendi kwa kidole na kuhesabu. Ile nyepesi aliyoitaka ilitetemeka sekunde nne nzima, tena hapo bado hatujainua nguzo ya katikati. Nyingine nzito kidogo, kilo moja na nusu na ushee, miguu minene, ilitulia kabla sijamaliza kusema moja. Tofauti ya uzito ni kama chupa ya maji. Akabeba ile.

Sasa yaliyotokea baada ya hapo. Mwezi wa kwanza alinipigia kwa unyonge, picha za kwenye tripodi kwa milimita 140 hazijakaa kali, na zile alizoshika mkononi mchana ni kali. Nikamwambia nitumie faili zenyewe. Shata zote zilikuwa 1/8, 1/10, 1/15. Hapo kuna mambo mawili. Kitulizaji cha lenzi alikuwa amekiacha kinafanya kazi juu ya stendi, nacho kikikosa cha kutuliza kinaweza kuyumba chenyewe. Na D7200 ina kioo ndani, kinapopiga juu kamera inatikisika kidogo, kwa shata ya haraka hutaona, kwa sekunde nzima mtikisiko unamezwa, ila kwenye hizo katikati na lenzi ndefu unaonekana kabisa. Dawa ipo kwenye menyu, kuna mpangilio unaoinua kioo kwanza halafu shata inasubiri sekunde moja mpaka tatu. Akauweka, akazima kitulizaji, kesho yake asubuhi akanitumia kilima kile kile, na mti ule ule wa begani, kila tawi lina ncha yake. Hakuandika neno, alituma picha tu.

Zile saba za anga kuungua zilikuwa suala la mazoea zaidi kuliko chombo. RAW ya biti 14 ina nafasi kubwa sana ya kuinua kivuli kuliko JPEG, ile picha iliyobanwa tayari, ya biti 8, lakini weupe ulioungua hauna cha kurudisha, kwa hiyo nimemfundisha apimie anga, aangalie ile grafu ya mwanga isigonge ukuta wa kulia, bonde litaonekana jeusi kwenye skrini asiogope, atalitoa nyumbani. Anatumia darktable, ni ya bure na inatosha kabisa. Na kale kafilta kamemfurahisha kuliko nilivyotegemea, unakazungusha mbele ya jani lililolowa unaona mng'ao mweupe unaondoka na kijani kinatoka chini yake taratibu, mwanga unapungua hatua moja mpaka mbili ila kwenye stendi hilo sio neno.

Magoti nayo. Alikuwa na maua madogo kandokando ya kijito, kamera iko sentimita 20 kutoka ardhini, skrini imeganda, akalala kifudifudi kwenye tope ndo aone anachofokasi. Aliniambia "hii ndo ile uliyonionya." Ndiyo hiyo, na kama picha zake nyingi zingekuwa za chini namna ile ningesema tumekosea, tungechukua X-T2 na betri zake nne.

Baada ya miezi minne nikamwambia tena, nichagulie 40 zinazokuuma. Za kutikisika zilikuwa 3, zote alizembea mwenyewe kuifungua stendi. Za kukosa fokasi karibu 9, kwa sababu alifokasi kwenye kilima wakati ua la mbele liko hatua moja kutoka kwake, hilo sasa tunalifanyia kazi. 15 alifika jua limeshapanda. Zilizobaki ni mpangilio, na za aina hiyo nilifurahi kuziona zimeongezeka maana zile nyingine zilikuwa zinazificha. Akaniuliza kuhusu lenzi pana, kuna mtu anauza Tokina yake. Tukahesabu katika 40 hizo ni ngapi zimepigwa pale mwisho wa 18 na bado zikabana. Nne. Akasema basi iache mjomba, kwanza nahamisha alamu yangu iwe saa kumi alfajiri.